Siku Barua Pepe Zilipokwama Voi

Nimepata habari Ijumaa, mazishi yakiwa yamekwisha, kwamba yule mama wa barua pepe pale Voi amefariki. Huenda wewe msomaji hukumjua. Alikuwa mtu wa pwani kwa asili, aliyefanya kazi ya kuunganisha simu miaka mingi, kisha akafungua ofisi ndogo karibu na stesheni, yenye kompyuta moja na laini moja ya simu. Kwake ndiko nilikokuwa nikituma makala haya kwa gazeti, Nairobi. Nimechoka kuandika safu za namna hii, za kuaga waliofariki; mwaka huu naona kama siandiki za aina nyingine.

Asubuhi moja nilimkuta na mama kutoka Werugha. Mwanawe, mwanafunzi huko India, alikuwa amegongwa na lori, na rafiki wa kijana alikuwa ameahidi kuandika madaktari wamesema nini. Lakini programu ya barua haikutuma wala kupokea. Modemu ililia, laini ikashika, kisha ikakatika. Mwenye ofisi alikagua waya, akaandika upya neno la siri, akapigia simu kampuni iliyomuunganisha. Wakamwambia azime, awashe. Akazima, akawasha. Wapi!

"Dada, kama amekufa niambie tu," yule mama akasema.

"La, mama yangu. Hata mimi sijaona kitu. Nipe muda."

Akaacha kubonyeza, akatazama tu. Mstari wa kuonyesha barua inavyokwenda ulitambaa, ukafika katikati, laini ikakatika. Akajaribu tena, ukakwama palepale. Mbele ya foleni ya barua za kutumwa palikuwa na picha za hoteli moja ya watalii, nzito mno kwa laini yetu, na programu ile haikupokea chochote mpaka imalize kutuma. Mwenye hoteli ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Mwenye ofisi alimpigia kumwomba ruhusa ya kuziondoa, nami nikasikia sauti ikifoka upande wa pili: "Picha zangu zifike leo! Ukizitoa, hunioni tena hapo."

"Basi tusameheane, bwana," akajibu, akaweka simu chini, akazifuta.

Barua zikaanza kuingia. Akamsomea mama ile ya India polepole: mguu umeharibika, madaktari wanataka kuukata, na mgonjwa amekataa mpaka asikie kutoka kwa mamake. Yule mama alijifunika uso kwa leso. Alipoufunua, macho yalikuwa makavu.

"Mwandikie wakate. Mguu ubaki huko, yeye arudi."

Ikaandikwa vivyo hivyo, ikaenda. Kijana alirudi, leo anafundisha Mbololo, anatembea kwa mguu wa bandia. Mwenye hoteli hakurudi, na sikumsikia mwenye ofisi akilalamika juu yake hata mara moja.

Sasa Voi ina ofisi nyingine za kompyuta, zenye mashine nyingi na viti vizuri. Zikikwama, unaambiwa laini ni mbovu, urudi kesho, na anayekwambia hainui hata macho. Nimerudi nyumbani hivyo mara nyingi mpaka sina tena nguvu ya kugomba. Mashine hupeleka kilichotangulia. Haijui ni nani amekaa kwenye benchi akisubiri kuambiwa kama mwanawe yu hai. Hilo lataka mtu anayeweza kugeuka akamtazama, kisha akakubali kulaumiwa kwa ajili yake. Voi imemzika mmoja wa watu hao, na sijaona bado ni nani aliyekikalia kiti chake.