Panga Nyuma ya Makoti

Rafiki yangu, wewe sikufichi kitu, kwa hivyo kaa nikuambie yote. Bado nina hasira. Nimeiombea iondoke, haijaondoka, basi wacha niandike nikiwa nayo.

Tunakaa huku ng'ambo, Edmonton, zile nyumba za kushikana, ukuta mmoja familia mbili. Mimi natunza wazee, mume wangu anapakia mizigo kwenye ghala, na tuna binti mmoja anayesikia Kiswahili chote lakini akijibu ni Kiingereza. Nyuma ya nyumba tuna kabustani, na tulipohamia miiba ilikuwa imefika dirishani. Ndiyo tukanunua panga. Miiba ikaisha, panga halikurudi kwenye kibanda cha bustani. Jirani mmoja alikuwa amevunjiwa dirisha na wezi, basi mume wangu akalisimamisha nyuma ya makoti, pale mlangoni, likawa mtu wa nyumbani.

Nilisema. Mungu ni shahidi, nilisema mpaka mdomo ukachoka.

"Baba, hii kitu itatuletea shida."

"Shida gani? Si iko kwangu? Sijaenda nayo kwa mtu."

"Na mgeni akitundika koti?"

"Mgeni gani huja hapa? Hata pasta hupiga simu kwanza!"

Nikampelekea Mungu.

Sasa mimi Ijumaa hukesha. Na sisi tuliolelewa kanisa la maombi hatujui kuomba kwa kunong'ona. Nasimama sebuleni, natembea, napiga mikono, nalia, namkemea shetani kwa jina. Yule mama aliyekuwa akikaa upande wa pili alinizoea, alikuwa hata ananiambia nimtaje kwenye maombi. Alihama. Wakaja watu wapya, na mimi sikufikiria ukuta. Ijumaa hiyo nilikuwa naombea mitihani ya binti yangu. "Mwachie mtoto wangu! Toka! Toka nyumbani mwangu!" Na mikono, pa, pa, pa. Mtu asiyejua Kiswahili, nyuma ya ukuta, unafikiri alisikia nini? Alisikia mwanamke anapigwa. Akaita polisi.

Haikuwa hodi. Zilikuwa ngumi mlangoni, na sauti ya mwanamume: "Polisi! Fungueni mlango!"

Mume wangu alishuka ngazi na kaptula tu, akazima taa, mkono wake ukaingia nyuma ya makoti.

Lazima nikueleze kwa nini, usije ukamhukumu. Nairobi, mtaani kwao, majambazi walikuwa wakija hivyo hivyo. "Fungua, ni polisi!" Kaka yake mkubwa, mtu wa kutii sheria, alifungua. Walimpiga na chuma, sikio moja halisikii mpaka leo. Kwa hivyo huyu mume wangu akisikia neno polisi usiku, hasikii polisi. Anasikia kaka yake akilia.

"Nyamazeni," akasema. "Wakiingia, mimi niko hapa."

Nje wakagonga tena. Taa imezimwa ghafla, kelele za mwanamke zimekatika ghafla. Kila tulichofanya kujikinga, vile tulivyofundishwa nyumbani, kwao kilikuwa kinasema kuna mtu anauawa humu ndani. Kisha kile kifuniko cha tundu la barua pale mlangoni kikainuliwa, tochi ikaingia, ikapita miguuni kwa mume wangu, ikapanda, ikasimama kwenye panga.

Huko nje wakabadilika. Nilisikia mmoja akiita wenzake kwenye redio, waje na silaha. Mwingine akapaza sauti: "Bwana, weka hicho kisu chini!"

"Polisi wa wapi? Nani aliwaita?" mume wangu akawajibu, kwa Kiswahili! Jasho linamtoka, anawajibu kwa Kiswahili.

Hapo nikaona jeneza. Nakuambia ukweli, nililiona.

Binti yangu alikuwa juu ya ngazi na simu sikioni. Ameshapiga namba ya dharura, anauliza kama kweli wametuma polisi kwenye mlango wetu. "Dadi, ni wa kweli!" akapiga kelele kwa Kiingereza chake. "Wamesema ni wao, wamewatuma! Weka chini!"

"Hata kwa kaka walisema ni wa kweli."

Nikaenda kwenye swichi nikawasha taa. Nikasimama kando, sikumshika, maana mtu mwenye panga hashikwi. "Baba," nikamwambia, "ni mimi walisikia. Ni maombi yangu. Hakuna jambazi. Ukishika hiyo kitu mlango ukifunguka, mimi nitakuwa mjane kwa sababu niliomba kwa sauti. Hilo ndilo unataka niishi nalo?"

Akaniangalia. Nikageukia mlango nikasema kwa nguvu, Kiingereza changu cha masomo ya jioni: "Mimi niko salama. Nilikuwa naomba. Mume wangu analiweka panga chini. Tupeni nafasi."

Akalilaza sakafuni, akalisukuma kwa mguu mpaka jikoni, na binti akafunga mlango wa jikoni. Ndipo tukafungua, polepole, mikono yetu yote inaonekana, vidole vimetanuka kama watoto wanaoonyesha wamenawa.

Walimtoa nje kwa baridi na ile kaptula yake, majirani madirishani. Mimi nikawekwa sebuleni na polisi wa kike, akiniuliza kwa upole, tena na tena, kama mume wangu hunipiga. Mwanamume ambaye hajawahi kuniinulia hata sauti! Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Jirani alitaka kuniokoa. Polisi walikuja kuniokoa. Mume wangu alitaka kuniokoa. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba tuokolewe. Na sisi wote kwa pamoja karibu tumzike mtu.

Waliporidhika wakamrudisha ndani, na walipoondoka walisema vitu vya bustani vikae bustanini, vimefungwa.

Asubuhi nikapita kwenye makoti. Panga limerudi!

Nililichukua nikalipeleka kibandani, nikafunga kufuli, ufunguo nikauweka kwenye mfuko wa Biblia yangu. Mume wangu akaona nyuma ya makoti patupu.

"Na wezi wakija, utawaombea?"

"Nitawaita polisi. Sasa njia wanaijua."

Hakucheka. Bado hajacheka. Jioni mkono wake hupapasa makoti kabla hajapanda kulala, na mimi huangalia pembeni. Ijumaa naomba chumba cha ndani, mdomo ndani ya mto, na jirani nilimwendea na chapati nikamweleza. Ufunguo siutoi. Anune, lakini anune akiwa hai.

Najua nyumba nyingine nyuma ya makoti kuna nini. Kwa hivyo hii usiisome ukainyamazia. Itume kwenye kikundi cha kanisa, wasomee akina baba nyumbani kabla ya usiku kuingia: taa iwashwe, mtoto apige simu kuuliza, mkono uwe mtupu kabla kitasa hakijashikwa. Wakikununia, mwambie na mwingine.