Onyesho Ambalo Sikuliona

Niliondoka Nakuru Alhamisi asubuhi kwa sababu mke wa rafiki yangu alinipigia simu, akaniomba nikamsimulie mumewe jambo ambalo mimi sikuliona.

Yeye hakujua kwamba sikuliona. Mama Atieno alijua tu lile ambalo kila mtu nyumbani kwao alilijua: kwamba zamani, kabla hajaolewa, mumewe Ochola na mimi Barasa tulikwenda ukumbini Kisumu Jumamosi moja alasiri kuisikiliza bendi ya Yamo ikipiga kwa mara ya mwisho. Yamo ni upepo kwa Kijaluo. Walikuwa vijana wanne waliopiga roki, lakini si roki ya kuruka na kucheza. Wimbo wao mmoja ulichukua nusu saa, ukabadili mwendo njiani mara tano au sita, na aliyetaka kuufaidi ilibidi akae asikilize. Hawakurekodi chochote. Baada ya siku ile mpiga kinanda alihamia ng'ambo, wenzake wakatawanyika, na Yamo ikabaki vichwani mwa watu waliokuwa ukumbini.

Sasa Ochola alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, maneno yalimtoka moja moja, na kumbukumbu zake zilikuwa na mashimo. Mama Atieno alinieleza kwamba kila siku anauliza habari za Yamo. Anajua kuna kitu alikiona, anakitafuta, hakipati, halafu analia.

"Shemeji, ni wewe ulikuwa na yeye," aliniambia. "Kuja umwambie vile ilikuwa."

Ukweli ni huu. Siku ile nilikuwa karani katika stoo ya pamba, na msimamizi alinizuia mpaka lori lijazwe. Nilikimbia hadi ukumbini nikakuta watu wanatoka. Ochola alinikuta mlangoni, shati limelowa jasho, akanishika mabega na kuniuliza, "Umeona?" Alidhani nilikuwa nimekaa viti vya nyuma. Nikamjibu, "Nimeona." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na sikutaka kuwa mtu pekee pale mlangoni aliyekosa.

Saa mbili asubuhi basi lilitoka. Nilipata kiti cha dirishani, nikaegemeza kichwa kwenye kioo, lakini usingizi haukuja. Siku hizi nikikaa muda mrefu magoti yanakakamaa, na huanza kuhesabu vituo badala ya kutazama njia. Kericho kulikuwa na mvua nyembamba na wachumaji chai wamejifunika nailoni. Tulipoteremka kuelekea Awasi joto likapanda, abiria wakavua makoti, na mimi nikabaki na sweta langu kwa uvivu tu wa kulivua.

Adhuhuri tulifika Ahero, penye mashamba ya mpunga. Mtu anayekwenda Pap Onditi, nyumbani kwa Ochola, hushuka hapo akashika njia ya Katito. Mimi sikushuka. Nilijiambia kwamba nitapitia Kisumu kwanza kumsalimia Atieno, binti ya Ochola, lakini nilikuwa na shauri jingine. Kulikuwa na mtu anayeitwa Oduor, fundi wa cherehani kule Obunga, mtaa wa Kisumu, ambaye siku ile ya Yamo alikuwemo ukumbini kwelikweli. Nilitaka twende naye. Yeye angesimulia, mimi ningeitikia kwa kichwa, na mambo yangeishia hapo.

Alasiri hiyo Atieno alinipokea kwake Manyatta, ambako anauza sare za shule. Alinipa maji ya kunawa, chai na viazi vitamu, akaketi nami mlangoni penye upepo kidogo. Aliniambia kwamba wamelelewa na hadithi ile ya Yamo. Baba yao aliwasimulia jinsi umeme ulivyokatika katikati ya wimbo, na jinsi mimi nilivyolia.

Nikamuuliza nililia wapi.

"Baba alisema ulilia," akanijibu. "Wakati ile filimbi iliingia. Aligeuka akakuona huko nyuma unapanguza macho."

Uongo wangu wa neno moja ulikuwa umekua nyumbani kwa mtu mwingine, ukapata hata machozi. Chai ikanipoa mkononi. Atieno alidhani nimechoka na safari, akanitandikia mapema, na kweli nilikuwa nimechoka.

Ijumaa asubuhi nilipitia mjini. Ule ukumbi sasa ni duka la mabati na mabomba. Nilisimama mlangoni, mahali palepale, mwenye duka akaniuliza nataka saizi gani. Nikamwambia naangalia tu.

Obunga nilifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Akina mama walikuwa wakikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, na moshi wake ulinikaba koo mpaka nikalazimika kupumzika njiani. Nilimkuta Oduor ameinamia cherehani iliyofunguliwa vyuma vyote. Alinitambua kwa sauti kabla hajainua macho. Nilimweleza hali ya Ochola, nikamwomba tufuatane kwenda kumsimulia.

Alicheka kidogo, bila ubaya. Aliniambia kwamba yeye hana cha kusimulia. Alikumbuka kinanda kilivyoanza peke yake, na watu waliokuja kucheza wakasimama na mikono mifukoni wasijue mguu waupeleke wapi. Alikumbuka mtu mmoja akipaza sauti, wapigiwe benga wacheze, na mpiga kinanda hakuinua hata kichwa. Baada ya hapo alichoka kungoja, akatoka kutafuta soda, na hakurudi.

"Nilikaa kwa ngazi mpaka mwisho," alisema. "Kila mtu aliyeingia ama kutoka alipita mbele yangu. Wewe ulikuja mbio mwisho mwisho. Nilikuona."

Kwa miaka yote hiyo alijua, na hakuona kama ni jambo la kutajwa. Nikamuuliza nifanye nini. Akafuta mafuta mikononi, akafikiri.

"Mimi siendi, Barasa. Wewe ndio anangojea."

Saa nane mchana nilishuka Katito, nikachukua pikipiki hadi Pap Onditi. Mwendeshaji alikwenda taratibu kwa heshima ya umri wangu, na mgongo wangu ukashukuru. Mama Atieno alikuwa amesimama langoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniongoza ndani.

Ochola alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mto umewekwa chini ya mkono uliolala. Alikuwa amepungua. Aliponiona midomo ilihangaika muda mrefu, kisha jina langu likatoka zima. Nikaketi mbele yake. Nilijua nikila kwanza sitasema tena, kwa hiyo nilisema kabla chakula hakijaletwa.

"Ochola, siku ile ya Yamo sikuwepo. Nilifika watu wakitoka. Nilikudanganya."

Mama Atieno alisimama na sahani mkononi. Ochola akageuza uso ukutani. Hakula. Hakunisemesha jioni ile yote, na mkewe alinitengea samaki na ugali bila maneno mengi. Nililala chumba cha pembeni nikiwaza kwamba nimesafiri kutoka Nakuru kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nafunga mkoba, Mama Atieno aliniita. Ochola alikuwa ametolewa nje kwenye kivuli cha nyumba. Alinionyesha kigoda kwa mkono wake mzima. Zamani alikuwa amenisikia mara nyingi nikiwasimulia watu jinsi umeme ulivyokatika. Aliuliza, kwa shida, neno baada ya neno:

"Umeme... nani alikuambia?"

"Wewe. Tulipoondoka pale mlangoni tulitembea kandokando ya reli mpaka ufukweni, ukinisimulia njia nzima. Yote ninayojua ni maneno yako."

Akafumba macho. "Basi nipe."

Nikampa. Nilimwambia kinanda kilianza chini sana, kama maji yanayoingia kwa kupenya chini ya mlango, maana ndivyo yeye alivyosema. Nilimwambia filimbi iliingia kutoka upande ambao hakuutazamia. Nilimwambia umeme ulikatika, kinanda na gitaa vikafa, lakini mpiga ngoma hakusimama. Alipiga peke yake kwenye giza lile la ukumbini, watu wametulia, mpaka umeme uliporudi, na kinanda kikaingia mahali pale pale ambapo kingekuwa kama umeme usingekatika. Nikasema kwamba alipiga taratibu, moja, mbili, tatu, nne.

"Hapana," Ochola akasema.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuka. Ukagonga kiti: nne, kisha tatu. Nne, kisha tatu. Mapigo yalikuwa saba, si manne. Hilo hakuwahi kuniambia, na mimi sikuweza kulijua. Aligonga akinitazama, akitaka nifuate. Nikajaribu juu ya goti langu nikapotea. Nikajaribu tena, na kila mara niliongeza pigo moja mwishoni.

"Wacha... ya nane," alisema.

Mama Atieno, aliyekuwa akipepeta mchele, aliipata kabla yangu, akaigonga kwenye ungo. Ochola akacheka upande mmoja wa uso. Mimi niliipata karibu na adhuhuri, na nilipoipata tuligonga tu, watu watatu wazee kwenye kivuli, mpaka mkono wake ukachoka.

Tulipoagana Jumapili alinishikilia. Nilidhani atanisamehe, lakini alisema, "Uongo... miaka mingi." Nikakubali. Akasema nirudi Desemba.

Basi la kurudi lilikuwa la polepole, na Kericho ilikuwa na mvua ileile. Nilifika nyumbani miguu imevimba, na siku mbili sikutoka. Nawaandikia ninyi mliowahi kunisikia nikisimulia Yamo, kwa sababu baadhi yenu mmeirudia hadithi hiyo kwa wengine mkitaja jina langu. Mimi sikuwepo. Ochola alikuwepo, na bado anakaa Pap Onditi. Ukienda, usimharakishe. Kaa kwenye kigoda umngoje auinue mkono wa kushoto.