Nilijificha Nyuma ya Pazia Mama Mkwe Akiniita Getini

Admin, jina langu usilitoe hata herufi moja, maana Chaka ni mji mdogo na midomo ni mingi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, na nina mtoto mmoja, msichana. Kabla ya kujifungua nilikuwa nauza dukani Nyeri mjini. Haya ninayoyaandika sijaweza kumwambia hata mama yangu mzazi, kwa aibu.

Mtoto wetu amepewa jina la mama mkwe, vile desturi yetu inavyotaka: msichana wa kwanza ni wa mama yake mume. Na kwetu hilo si jina tu, mtoto ndiye shosho, bibi yake mwenyewe, amezaliwa tena. Mama mkwe alipombeba hospitalini alisema, "Ebu nijiangalie vile niko mrembo!" Mume wangu naye humwita mtoto "Mami", vile anavyomwita mama yake. Mimi nilikuwa nacheka tu na kuendelea na mambo yangu.

Sasa, huyo Mami wangu hakuwa analala. Ukimweka chini, analia. Ukimbeba, anatulia. Ukikaa tu, anaanza tena. Nilipika nikiwa nimembeba, nikafua nikiwa nimembeba, mpaka siku moja nikatia chumvi kwenye chai na nikainywa. Ndipo nikaingia kwenye kikundi cha kina mama kwenye simu. Huko kila mtoto ana ratiba: saa ya kuoga, saa ya kunyonya, saa ya kulala, na akishawekwa kitandani asibebwe hata akilia, mpaka azoee kusinzia mwenyewe. Nikasema hata mimi si mjinga, nitaweza. Mwanzoni ilikuwa vita, baadaye akaanza kushika, na mimi nikavimba kichwa. Nikawa nafundisha wenzangu, na wangu mwenyewe hata miezi mitatu hakuwa amefikisha.

Basi wamama wa kanisa wakapanga kuja na mama mkwe kutuletea matega, yaani kuja kuona mtoto wakiwa wamebeba vyakula na zawadi. Nikawaambia waje saa nane, mtoto akishaamka. Lakini ni nani amewahi kuwapangia wamama saa? Walifika saa sita na kitu, nikiwa nimetoka tu kumlaza, wakaanza kuimba wakiwa getini.

Mwanamke mwenye akili angetoka akicheza, apokee mizigo. Mimi nilikunja uso. Niliwaza, wakiingia hawa, ratiba imekufa na kesho naanza upya. Wakikosa mtu watazunguka sokoni kidogo, warudi saa nane. Nikazima sauti ya simu, nikasimama nyuma ya pazia la sebuleni. Ndiyo, mimi, mtu mzima, nikajificha nisionwe na wageni wangu mwenyewe.

Nyimbo zikamwamsha mtoto. Akaanza kulia, na nje wote wakanyamaza.

"Mwari wakwa!" mama mkwe akaita. Huniita hivyo kila siku, binti yangu. "Mtoto analia! Uko sawa huko ndani?"

Nikajibana zaidi nyuma ya pazia. Mtoto akazidi kulia, ile ya kukatika pumzi. Nilitaka kumchukua, jamani, maziwa yalikuwa yananichuruzika mpaka kwenye nguo. Lakini aibu ilikuwa imenishika miguu. Nikimbeba anyamaze, watajua niko. Nikifungua, nitasema nilikuwa wapi hiyo saa yote?

Nikasikia mama mmoja akisema, "Labda ameenda duka kidogo, atarudi."

"Hapana," mama mkwe akasema polepole. "Hiyo pazia imesonga. Twendeni."

Hakugonga tena. Waliacha kila kitu kwa jirani: viazi, ndizi, unga wa uji, na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, aliyoipika mwenyewe ili nipate maziwa, imefungwa kwa leso. Na mimi mnajua nilifanya nini? Mtoto alipochoka kulia akalala, niliandika kwenye kikundi kwamba leo nimesimama imara. Wakanitumia maua na mioyo. Hapo ndipo najichukia zaidi.

Mume wangu alirudi jioni akiwa na ile sufuria. Hakunigombeza. Alimpigia mama yake simu mbele yangu, akaweka sauti nisikie, akamwomba msamaha kwa niaba yangu. Mama mkwe akamjibu bila ukali wowote:

"Mimi sijakasirika. Lakini umwambie leo nimelia kwa nyumba ya kijana yangu, na hakuna mtu amenibeba."

Tangu siku hiyo ratiba niliitupa. Namlaza nikiweza, nambeba akitaka, na siku zinasonga. Mtoto sasa ana miezi mitano. Lakini mama mkwe hajakanyaga kwangu tena. Hana ubaya. Hupiga simu, ananisalimia vizuri, kisha anaanza na swali moja: "Mtoto amelala? Nisije nikamwamsha." Hainui sauti, hanisemi kwa watu, na hao wamama nikikutana nao kanisani wananisalimia kama kawaida. Afadhali angenitukana. Jumapili iliyopita nilimwambia kwa simu, "Mami, kuja tu saa yoyote." Akacheka kidogo, akasema miguu inamsumbua. Jumapili hiyo hiyo alikuwa ametembea mpaka kanisani.

Nataka kwenda kwake nimwombe msamaha kwa mdomo wangu, kila siku naahirisha. Nikienda na mtoto, nitakuwa najificha nyuma yake tena. Nikienda peke yangu, ataniuliza nimemwacha na nani, analia au halii.

Wamama mlio na wake wa vijana wenu, niambieni ukweli hata kama utaniuma. Angekuwa ni wewe uliyelia siku hiyo, ungetaka nije vipi?