Wapiganaji Sita Ndani ya Kopo

Ashukuriwe Mungu aliyeniamsha leo nikiwa na macho yanayouona mstari wa daftari na mkono usiotetemeka sana. Miaka yote hii amenibeba, wala hajawahi kuulalamikia uzito wangu. Kwanza nimrudishie shukrani zake, kisha nisimulie.

Enzi zetu, na wenzangu mliokula ndizi na maharage kwenye ungo mmoja mtaniunga mkono, mchezo haukununuliwa. Uliokotwa. Kule Murusagamba, mvua za kwanza zikishalowesha migomba, kila mtoto alikuwa na kikosi chake cha wadudu. Tulirudi kutoka shuleni na makaptula na magauni yamejaa matope, mifukoni kunatambaa, na mama akitusachi mlangoni kabla hajatugawia chakula. "Mifuko nje! Sili na wageni nisiowaalika," alikuwa akisema.

Sheria ilikuwa wadudu sita kila upande. Tulichora duara kwa kijiti kwenye uwanja wa kupuria maharage, kila upande ukaweka mmoja, na atakayetoka nje ya duara ameshindwa. Pambano la mwisho lilikuwa siku ya kufunga shule, sisi dhidi ya watoto wa ng'ambo ya bonde. Kiongozi wao alikuwa Filbert, kijana mwenye maneno mengi kuliko meno. Walioshinda walichuma mapera ya bondeni likizo nzima. Walioshindwa waliyala kwa kuomba.

Mwaka mmoja tulipeleka madundu sita wenye pembe, tukidhani nguvu ndiyo kila kitu. Filbert akaleta majongoo. Dundu anasukuma, jongoo anajikunja na kutoa harufu yake, dundu anageuza njia mwenyewe. Tulishindwa wote sita. "Rudini mkachunge mbuzi!" alitupigia kelele Filbert mpaka tulipovuka kijito.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya karatasi. Hapa Nyabusozi, nilikoolewa na ninakozeekea, naishi na mjukuu wangu Anitha, wa darasa la sita. Chumba cha mbele nimempangisha msichana mmoja fundi cherehani, jina lake Jeni. Siku moja nilifungua daftari la sayansi la Anitha nikakuta ameandika hivi: Wa moto. Wa maji. Wa sumu. Wa mawe. Wa usingizi. Wa sita bado. Halafu chini kabisa: Jumapili lazima mfalme wa giza afe.

Nilikaa chini. Nimefundisha katekisimu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na maneno kama hayo sijawahi kuyakuta kwenye somo la sayansi.

Nikaanza kuchunguza. Kila alasiri Anitha alikuwa kwa Jeni, vichwa vimegusana juu ya simu ya Jeni. Nikipita wananyamaza. Simu inatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, nao wanashangilia. Nilipouliza niliambiwa, "Ni gemu tu, bibi. Tunakusanya wanyama." Wanyama gani wanaokusanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti, asiyejua hata kukata majani ya mbuzi? Nikakumbuka kwamba Jeni haonekani kwenye sala za jumuiya siku za Alhamisi. Nikakumbuka kwamba hajawahi kusema ametokea ukoo gani. Kila nilichokumbuka kilisogea kukaa karibu na kile cha kwanza, mpaka nikapata mtu kamili wa kumwogopa. Nikaandika nyuma ya kalenda ya parokia maneno ya kumwambia ahame kabla ya Jumapili.

Lakini nimalizie kwanza habari ya kikosi changu.

Baada ya aibu ile ya majongoo, mwaka uliofuata niliwachagua kwa akili. Nilimchukua dundu mmoja tu, kwa ajili ya kusukuma. Jongoo kwa ajili ya harufu. Vunjajungu kwa mikono yake mirefu. Chenene, anayechimba na kumpitia mwenzake chini. Kifaurongo, anayejilaza kama maiti mpaka adui achoke. Wa sita alikuwa senene mkubwa wa kijani, ila mdogo wangu Deusi alibaki naye peke yake jikoni.

"Nilimpasha kidogo tu, dada," alisema. "Alikuwa na mafuta."

Ndipo nilipopata wazo ambalo mtoto wa kwetu pekee angelipata, na ambalo mtoto wa kwetu pekee angepaswa kuliogopa. Nilimchukua kinyonga. Kwetu kinyonga hakushikwa na mtu. Mama alikuwa akituambia, "Ukimwona huyo, pita upande mwingine, na nyumbani usimtaje." Nikawaza kwamba sihitaji apigane. Nikimweka tu kwenye duara, Filbert na watu wake watakimbia hadi mpaka wa nchi. Nilimbeba kwa jani la mgomba ili ngozi yangu isimguse.

Niliwaweka wote kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Ndani nilitandika manyoya ya kuku wapate joto, kinyonga nikamtenga juu kwa vijiti asiwale wenzake. Nje nilizungushia majivu siafu wasipande. Mdomoni nilifunga kitambaa cheusi kutoka kwenye sketi ya mama iliyochakaa. Kisha nikalifukia nusu, pale mpakani kati ya migomba yetu na ya jirani yetu mama Leokadia. Msomaji wa umri wangu ameshaona nilikuwa nimetengeneza kitu gani. Mimi sikuona.

Mama Leokadia alikuwa mjane aliyeishi peke yake. Aliyajua majani. Hakuna kifua cha mtoto pale kilimani ambacho hakikuwahi kupita mikononi mwake, na malipo yake yalikuwa kuni au shukrani. Wiki ile kitinda mimba wetu, Filemoni, alishikwa na homa akakataa ziwa. Asubuhi ya siku ya tatu baba alikwenda kupalilia migomba, jembe likagonga kopo.

Niliusikia ukelele wake nikiwa nyuma ya jiko. Kufumba na kufumbua uwanja umejaa, na balozi wa nyumba kumi amewekewa kigoda. Kopo liliburutwa kwa tawi refu, kila mtu akasimama mbali nalo. Manyoya, majivu, kitambaa cheusi, na ndani kitu kinakwaruza.

"Nani anamtegea mwanangu uchawi?" baba aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa tayari uani kwa jirani.

"Majani anayajua nani hapa?" mtu mmoja alidakia. "Mnaulizana nini sasa?"

Mama Leokadia alikuja mwenyewe, mikono imejaa unga wa muhogo. Alitazama kopo, akatutazama sote, kisha akauliza jambo moja tu: "Mtoto ameamkaje?"

Hakuna aliyemjibu.

Deusi alinishika gauni. "Nyamaza, dada. Tutachapwa, na pambano ni Ijumaa."

Nami nilinyamaza. Ndiyo sehemu ninayoisimulia kwa shida hadi leo. Nilinyamaza mpaka balozi aliposema mama Leokadia akusanye vyombo vyake, jua lisizame akiwa bado kilimani, na vijana wawili wakaingia nyumbani kwake kuvitoa. Nilipoona kitanda chake cha miti kimesimamishwa nje, miguu juu, ndipo miguu yangu ikatembea.

"Kopo ni langu, baba. Ni timu yangu."

"Timu ya nini?"

Nikafungua kitambaa, nikaanza kuwataja mmoja mmoja na kazi yake. Nilipofika wa sita, kinyonga alijitokeza mwenyewe ukingoni, akageuza jicho moja kwa baba na jingine kwa balozi. Balozi aliruka kigoda chake mwenyewe. Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, na kitanda kikarudishwa ndani.

Viboko vyangu sivisimulii. Pambano la Ijumaa hatukwenda. Filemoni alipelekwa zahanati, akapona, na leo ana wajukuu. Wanaume wakamwambia mama Leokadia, "Tusameheane." Akajibu, "Nimewasamehe," na naamini alikuwa amesamehe kweli. Lakini tangu siku ile, mama yeyote aliyepiga hodi kwake na mtoto anayekohoa alijibiwa kwa upole, "Mpelekeni zahanati." Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na si watoto wote waliofika. Hakumpa mtu jani tena mpaka tulipomzika.

Sasa mtaelewa kwa nini nilikwama mlangoni kwa Jeni, kalenda mkononi. Anitha alikuwa kando yake na simu. Jeni aliutoa uzi mdomoni, akainuka kunipisha kiti.

"Shikamoo, bibi. Mguu umeamkaje?"

Nikaikunja kalenda, nikaketi. "Nionyesheni hao wanyama wenu," nikasema.

Anitha akanieleza kwa haraka kama anayeogopa nitabadilisha nia. Ukiwachukua wa moto wote sita, ukikutana na wa maji umekwisha. Lazima wachanganywe. Mfalme wa giza ni adui wa mwisho humo humo kwenye gemu, na Jumapili walitaka kumkabili baada ya Misa. Walinyamaza nikipita kwa sababu waliogopa nitaizuia simu.

"Wa sita ndiye anatugombanisha," alisema. "Mimi nataka joka. Dada Jeni anataka huyu, wa kuponya."

"Anapiganaje?"

"Hapigani, bibi. Wenzake wakiumia anawatibu. Lakini mwangalie, hana hata meno!"

"Mchukueni huyo."

"Bibi!"

"Mchukueni huyo huyo. Kilimani kwetu tulikuwa naye mmoja, tukamfukuza."

Jeni akamgusa kwa kidole, akamweka wa sita.

Sitawadanganya kwamba nimeipenda simu ile. Bado naitazama kwa jicho la pembeni, na mfalme wa giza simwamini hata akishakufa. Wapiganaji wetu walinuka, walituuma, wengine tuliwakaanga, na tulizijua mvua kwa kuwafuata. Wa siku hizi hawali jani wala hawachafui mfuko, na watoto wananenepa vitini wakiwawinda. Hilo nitawacheka mpaka nitakapozikwa. Ila jicho lililotazama kopo uani kwetu ndilo lile lile nililoitazamia simu ya Jeni, na safari hii lilikuwa langu.

Kalenda niliitia motoni nikipika uji. Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe jirani wa kukuuliza umeamkaje, nawe akupe mdomo wa kumjibu kabla kitanda chake hakijatolewa nje. Amina.