Mama na Cheti cha Mkwe

Chuo kilinipa cheti cha kidijitali, kilichohifadhiwa kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni lisilofutika, ili kisighushiwe. Ukielekeza simu kwenye msimbo wake, alama ya kijani inatokea kuthibitisha kwamba cheti ni halali. Mama aliuchapisha msimbo huo kwenye maduka ya Adams, akautundika sebuleni kwetu Waithaka, na hakuna mgeni aliyepewa chai kabla ya kuukagua.

Kisha mchumba wa dada yangu akaja kujitambulisha. Alisema yeye ni mhandisi.

“Msimbo wako uko wapi, kijana wangu?” Mama akauliza.

“Mama, sisi tulipewa karatasi tu.”

“Karatasi hata vichochoroni mjini zinachapishwa.”

Dada alifunika uso. Mimi nilikimbilia jikoni kucheka.

Mchumba hakukasirika. Alikiomba chuo chake msimbo, akarudi nao. Mama aliukagua, akapiga vigelegele.

“Sasa keti, ule.”