Sifuri Kwenye Dawa ya Nyoka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kiti. Mtunza Stoo Mkuu, mzee mmoja mkavu kutoka Vanga, alinitupia kitambaa akaniambia nifute rafu. Mimi nimemaliza shule, cheti changu kimo ndani ya bahasha, halafu ati nifute vumbi! Nilifuta huku nimenuna. Nilipomaliza akaniuliza, "Rafu ya tatu ina nini?"

"Ina dawa, shikamoo," nikasema, kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba. Dawa! Hata muuza kahawa wa Kombani anajua kwamba stoo ya hospitali ina dawa. Rudi ukafute tena, na safari hii usome."

Basi ndivyo nilivyoingia kazi ya stoo, mimi Riziki, katika hospitali ndogo ya wafadhili kusini mwa Diani ambayo siku hizi haipo tena. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, na ofisi nyingi zilikuwa zinatafuta vijana wa kushika nafasi zilizoachwa. Mwanamke katika stoo nilikuwa peke yangu. Wapakuzi walinitania kwamba sitaweza kuinua hata katoni ya pamba. Niliziinua, tena mbili mbili, wakanyamaza.

Enzi hizo kila dawa ilikuwa na kadi yake, imening'inizwa kwa uzi mbele ya rafu. Juu yake unaandika zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Pembeni pana kiwango cha kuagizia, yaani idadi ambayo ukiifikia lazima uombe nyingine kabla hizo hazijaisha. Dawa iliyo karibu kuharibika huwekwa mbele ili itoke kwanza. Vijana mnayasoma haya vyuoni kwa majina marefu. Sisi tulifundishwa kwa kufokewa, na wallahi hatukusahau.

Kadi tano zilikuwa zimepigwa mstari wa wino mwekundu, na mojawapo ilikuwa ya dawa ya sumu ya nyoka. Nilimwuliza mzee kwa nini kiwango chake hakibadiliki ilhali miezi inapita bila kutoka hata chupa moja.

"Hizi hatuangalii zimetumika ngapi," alinijibu. "Tunaangalia siku zikitakiwa tutafanya nini."

"Na zikiharibika bila kutumika?"

"Tutazitupa, tumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumwa."

Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa kwenye kichwa chake, kisha ikawa kwenye changu. Baadaye nilipelekwa kituo cha afya cha Samburu, kule bara kwenye barabara kuu ya Nairobi, na huko nilikaa miaka minne. Kwa wafugaji wale nilijifunza maana ya kukosa. Mtu hutembea nusu siku na mtoto mgongoni, anafika, nawe unamwambia dawa imekwisha. Hatukani. Anakaa chini kidogo, anaomba maji, kisha anaanza kurudi. Nilirudi pwani nikiwa mkali zaidi kuliko nilivyokwenda, na mzee wa Vanga alipostaafu, ufunguo wa stoo ukawa wangu.

Nikiwa nimeushika ufunguo huo miaka mingi, ndipo ilipokuja kompyuta.

Ilipewa chumba chake na mashine ya kupoza hewa, ya pekee hospitali nzima. Hata wodi ya wazazi haikuwa nayo! Mlangoni palibandikwa karatasi ya kututaka tuvue viatu ili vumbi lisiingie, kwa hivyo kila asubuhi ungeona ndara zimepangwa pale nje ungedhani ndani kuna maulidi. Katibu wa Hospitali, bwana mmoja nadhifu sana aliyependa tai hata kukiwa na joto la kupasua kichwa, alituita sote akatuambia kwamba sisi ndio wa majaribio. Tukifaulu, wafadhili watapeleka mashine hiyo katika hospitali zao zote.

Sikuichukia. Nalisema hili kwa sababu watu wanapenda kutusimulia wazee kana kwamba tuliogopa kila kilichokuwa na waya. Mwezi wa kwanza tu ilinionyesha katoni mbili za dawa ya macho zilizokuwa zinakaribia kuharibika nyuma ya rafu, nami nilikuwa nimezipita kila siku. Niliona haya, lakini nilifurahi. Hesabu ya siku mbili iliifanya kwa muda wa kunywa chai.

Tatizo lilikuwa kwenye kuagiza. Kompyuta ilichukua matumizi ya miezi sita, ikapiga wastani, ikakadiria tutahitaji nini, ikachapa orodha. Nami ndiye niliyetakiwa kuipeleka hiyo orodha kama ilivyo, bila kuongeza mkono wangu, kwa sababu majaribio ni majaribio. Robo ile ya mwaka, chupa zetu za dawa ya nyoka zilikuwa zimefikia tarehe ya kuharibika nikazitoa, kama taratibu zinavyotaka. Na katika miezi sita hiyo, alhamdulillahi, hakuna aliyeumwa. Nikapokea orodha, nikasoma kutoka juu hadi chini. Dawa ya sumu ya nyoka: sifuri.

Nilikwenda kwa Katibu bila hata kuvaa ndara vizuri.

"Bwana Katibu, mashine imekosea. Hatuwezi kukaa bila dawa hii. Watu wanaanza kusafisha mashamba."

"Haijakosea, Bi Riziki. Imetumika ngapi?"

"Haikutumika."

"Basi sifuri ni sahihi." Alitabasamu. "Lakini maoni yako ni muhimu. Mtathmini anakuja Alhamisi kutoka Nairobi. Yeye ndiye anayepima kama mfumo unafaa, na ripoti yake ndiyo wafadhili wanayoisikiliza. Mwambie yeye."

Nikasema vyema. Siku tatu zile nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Orodha niliikunja vizuri, neno sifuri nikalizungushia duara. Maneno niliyapanga kichwani. Asubuhi ya Alhamisi nikapika kaimati, nikachemsha kahawa ya tangawizi, nikaweka kiti kizuri katikati ya stoo.

Mtathmini alikuwa kijana mwungwana, nisimsingizie. Aliingia na ubao wake wa kubania fomu, akanipa mkono. "Mama, habari za kazi?"

"Njema."

"Huu mfumo mpya unauonaje? Mzuri sana, mzuri, wa wastani, au mbaya?"

"Mzuri, alhamdulillahi. Tunashukuru."

Akaweka alama. "Unakusaidia kuagiza dawa?"

"Unasaidia, tunashukuru sana."

Akaweka alama nyingine. Enyi wanangu, hapa ndipo mahali pangu pa aibu, kwa hiyo nisomeni polepole. Kwetu sisi mtu akikuuliza hali, jibu la kwanza ni njema. Unaweza kuwa umefiwa asubuhi hiyo hiyo, utasema njema, kisha ndipo useme, ila tumepatwa na msiba. Na mgeni aliyekuletea kitu hukitii kasoro kabla hajakaa, hajanywa, hajakuuliza mara ya pili. Mimi nilikuwa nasubiri hiyo mara ya pili. Nilijua atafika mwisho wa fomu, aweke kalamu chini, achukue kikombe, aseme, "Enhe, Mama, sasa nipe habari." Hapo ningemtandazia orodha yangu.

Alifika mwisho wa fomu. Akatazama saa. "Asante sana, Mama. Niwie radhi, kahawa sitaweza, gari linaniharakisha niwahi feri." Akatoka.

Nami nikabaki nimesimama na orodha mkononi! Mlango ulikuwa hatua sita. Ningeweza kumwita. Ningeweza kukimbia, miguu nilikuwa nayo. Niliona haya kupiga kelele uani nyuma ya mgeni, nikajiambia Katibu ataikumbuka, nikajiambia ataandika barua, nikajiambia mengi. Kahawa niliinywa mwenyewe.

Ripoti ilikuja nzuri kupita kiasi. Wote tumeridhika. Mwuguzi Mkuu ambaye mashine ilimnyang'anya saa mbili kila siku, ameridhika. Karani wa mapokezi aliyeilaani kila asubuhi, ameridhika. Sote tulikuwa watu wa adabu.

Wiki ya tatu baada ya ripoti hiyo, mchana, aliletwa Mwanakombo. Nilimfahamu, alikuwa amenizidi umri kidogo, nikimwita dada. Alishona makuti ya kuezekea mahoteli ya Galu, na mkono wake ulisifiwa, kwa sababu kuti lake halikuvuja. Alikuwa ameinua rundo la makuti kutoka chini, na kifutu alikuwa ndani yake. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kwenye bega, ngozi inang'aa.

Daktari Mkuu alikuja stoo mwenyewe. "Bi Riziki, dawa ya nyoka, haraka."

"Hakuna, Daktari."

"Hakuna vipi?"

Landrova ilitimuliwa kwenda Mombasa kufuata dawa, ikakwama kwenye foleni ya feri wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Dawa ilipofika alasiri, ilimwokoa maisha. Mkono haikuuokoa. Ulikatwa juu kidogo ya kifundo siku ya nne.

Nilimwendea wodini nikalia mbele yake bila kujificha. Nikamweleza yote: orodha, sifuri, mtathmini, hatua sita. Alikuwa ameegemea mto, bendeji nyeupe juu ya shuka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nisamehe, dada," nikamwambia.

"Nimekusamehe. Ni kudra ya Mungu. Usijitie unyonge."

Nikambusu kichwani, nikatoka nafuu imeniingia.

Mtathmini alirudishwa kwa amri ya Daktari Mkuu. Safari hii sikupika kaimati. Nilifunga mlango wa stoo, ufunguo nikautia kwenye kifundo cha leso, nikamwambia, "Kaa. Fomu yako iweke chini."

"Mama, lakini lazima nijaze—"

"Utajaza. Kwanza nitakuambia kwa nini uliyojaza mwanzo si kweli, na kosa ni letu sote wawili."

Nilimweleza habari za mkono wa Mwanakombo. Kijana wa watu aligeuka rangi. Kisha nikamwambia asituulize tena kama kitu ni kizuri, kwa maana tutasema kizuri hadi kiama. Aseme, nionyeshe jana mashine ilikufanya nini. Aseme, nionyeshe ulipoikwepa ukafanya kazi kwa mkono. Tukatembea pamoja stoo nzima hivyo, kisha mapokezi, kisha wodi. Karani wa mapokezi, alipoambiwa aonyeshe, alitoa daftari alilokuwa amelificha chini ya meza, lenye wagonjwa wote wa miezi mitano. Mwuguzi Mkuu aliongea hadi chakula cha mchana kikapoa.

Kompyuta haikuondolewa, na sikutaka iondolewe. Ilifundishwa. Zile dawa tano zilitiwa kiwango kisichoguswa na wastani, na mtunza stoo akaruhusiwa kuandika sababu yake kando ya orodha. Wafadhili walichelewesha mwaka mzima kuipeleka hospitali nyingine. Katibu alinuna, kisha akazoea.

Nilifanya kazi miaka mingine kumi na moja. Nikawafundisha vijana wa stoo, nikawafokea kama nilivyofokewa. Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani na hotuba, na Daktari Mkuu mpya akanisifu kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kuuliza vizuri. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa pale mbele. Miaka yote ile, kila nikipita kwa Mwanakombo, nilikuwa nikimpa salamu naye akinirudishia njema, nami naondoka. Mimi mwalimu wa kuuliza!

Kesho yake nilikwenda kwake. Alikuwa uani anachambua mchicha, bakuli amelibana kwa magoti, anatumia mkono wake wa kushoto. Binti zake ndio waliokuwa wakishona makuti. Tukasalimiana kwa urefu, za nyumbani, za watoto, za afya, zote njema. Nikaketi kwenye kigoda.

"Dada Mwanakombo, siku ile wodini nilikuomba radhi."

"Nami nilikusamehe. Yamekwisha hayo."

Kisha nikamwuliza tena, polepole, nikimtazama usoni.

"Umenisamehe?"

Aliacha mchicha. Akautazama mkono uliokatika, si mimi.

"La," akasema. "Bado."

Machozi yalinitoka, naye hakunifuta wala hakuniambia ni kudra. Alisema habari za makuti ya kwanza aliyojaribu kushona kwa mkono mmoja akayatupa. Akasema kuhusu mume aliyekuwa akimfunga leso. Alisema mengi, kwa sauti ya kawaida, hadi adhuhuri ikaadhiniwa, nami sikumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, akanisogezea bakuli la mchicha.

"Chambua," akasema. "Una mikono miwili."