Mbwa Aitwaye Batachoka

Mwezi wa nne Kamembe nguo hazikauki. Unazianika asubuhi jua likikuchekea, unaingia ndani kuchemsha chai, na ukitoka wingu limeshavuka kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, na shuka za watu zimelowa upya. Patricie alikuwa akizianua na kuzianika shuka zile zile tangu juzi. Sasa zilining'inia barazani zikinuka uvundo, naye alizitazama kama wageni waliokataa kuondoka. Mgongo ulimuuma. Magoti nayo yalikuwa na maneno yao. Kazi ya kufulia watu aliianza akiwa msichana mwenye nguvu, alipovuka mto na kurudi katika nchi ambayo wazazi wake walikuwa wakiisimulia tu, akasema ataifanya kwa muda. Muda wenyewe ndio huo. Binti yake Gasaro ameshaolewa Kigali, mama yake ameshazikwa, na yeye bado mikono imo kwenye sabuni.

Mama alipokufa alimwachia mbwa. Msidhani ni mbwa wa kujivunia. Alikuwa kijibwa cha miguu mifupi, rangi ya majivu, kimezeeka mpaka ndevu zimekuwa nyeupe, hakibweki wala hakilindi kitu, na mwizi akija labda kingemsogezea kiti. Jina lake lilikuwa Batachoka. Yaani watachoka, kwa Kiswahili cha ng'ambo ile.

Kule Kadutu, kwenye vilima vya Bukavu alikokulia Patricie, mbwa hapewi jina kwa kupendeza tu. Jina la mbwa ni neno unalotaka jirani alisikie bila wewe kumwambia. Ukigombana na mtu huna haja ya kwenda mlangoni kwake. Unatafuta mbwa, unampa jina, halafu unamwita kwa sauti kila siku, na mwenye kuelewa anaelewa. Akija kulalamika unamuuliza kwa mshangao, kwani nilikuita wewe?

Mama yake Patricie aliijua kazi hiyo vizuri mno. Palikuwa na jirani aliyewasema asubuhi na jioni kwamba wao ni watu wa kuja, hawatakaa, mvua moja tu itawasomba. Mama hakumjibu. Alileta mbwa mdogo kutoka sokoni ndani ya kikapu, akamwita Batachoka. Watasema weee, lakini watachoka. Mbwa yule alipokufa akaja mwingine, akarithi jina, na mwingine baada yake. Mama alivuka mto na jina lile, ingawa jirani mwenyewe alibaki ng'ambo.

Mvua zile za Kadutu Patricie hakuzisahau. Bati likianza kulia, watoto walivua mashati wakakimbilia chini ya michirizi, maji ya baridi yanakupiga utosini mpaka pumzi inakata, na hakuna mtu mzima wa kuwagombeza kwa sababu wote wamejifungia ndani. Hapo ndipo mama alipoita kutoka jikoni.

"Patricie! Enda uite mbwa."

"Mama, mbwa iko hapa chini ya kitanda."

"Nilikuuliza iko wapi? Nimesema uende uiite."

Basi Patricie alisimama katikati ya njia, matope mpaka kwenye vifundo, akaita "Batachokaaa!" mpaka dirisha la jirani likafungwa kwa kishindo. Akirudi, mama alimfuta kichwa kwa kitenge, akampa chai ya tangawizi na muhogo wa moto, akamwambia ana sauti nzuri. Maishani mwake hajapata kusifiwa tena namna ile. Kila mvua ikinyesha humkumbuka mama yake na kitenge kile, na kiu ya kuwa mtoto humshika mpaka inauma.

Sasa sikilizeni jinsi jina lile lilivyomponza.

Mvua zilipoanza mwaka huu, chumba kilichopakana na chake kilipata wapangaji. Mwanamke aliitwa Gracia, mumewe Muhire. Nao walikuwa watu wa ng'ambo, waliorudi zamani kama yeye. Muhire alikuwa mpakiaji kwenye kinu kimoja cha mchele huko Bugarama, akaanguka kutoka juu ya lori akiwa na gunia mgongoni, na tangu siku hiyo miguu haikumsikiliza tena. Walimbeba kumwingiza ndani, na hakutoka. Gracia alimsalimia Patricie vizuri siku za mwanzo. Ukimuuliza mgonjwa anaendeleaje, alijibu, "Tunashukuru Mungu." Halafu ghafla akaacha kusalimia. Patricie akipita, yeye anatazama ukuta. Patricie akiomba kuazima ndoo, anaambiwa imetoboka siku hiyo hiyo.

Patricie hakujua amekosa nini, na kwa kweli hakuwa na nguvu ya kuuliza. Alisema kesho. Kesho akasema kesho.

Aliyemwambia ni mwenye nyumba, Mzee Munyemana, aliyekaa nyumba kubwa ya mbele. Alikuja chini ya mwavuli, uso umekunjamana, akasimama barazani.

"Mama Gasaro, mbwa yako inatukana bantu."

Patricie alimtazama mbwa, aliyekuwa amelala juu ya kiatu chake. "Hii? Hii hata kubweka ilishasahau, Mzee."

"Si mbwa. Ni jina. Mama wa pale analia kila siku. Anasema unamusema, kwamba batachoka na mugonjwa wao, batamuacha. Kila asubui, kila magaribi, Batachoka, Batachoka! Muntu gani anaita mbwa ivyo?"

Mzee Munyemana hakuwahi kuvuka mto kwenda kukaa, na mambo ya majina ya mbwa aliyaona ni wazimu wa watu wa ng'ambo. Hakutaka kueleweshwa. Alisema mbwa aitwe Bobi kama mbwa wa watu wengine. Akilisikia jina lile tena ndani ya ua wake, mbwa ataondoka siku hiyo hiyo, yeye Mzee atampeleka kwa ndugu zake huko Bweyeye, msituni. Kisha akarudi kwake chini ya mwavuli.

Mwanzoni Patricie alikasirika. Mbwa ana umri mkubwa kuliko ugomvi huu! Jina lilikuwapo kabla ya Gracia, kabla ya gunia, kabla ya nyumba yenyewe. Alinyanyuka aende akaseme hivyo. Alipofika katikati ya ua akasimama, kwa sababu alijiona mwenyewe, mtoto wa Kadutu, matope miguuni, akimwita mbwa aliyelala chini ya kitanda. Angemwambia nini Gracia? Kwamba jina halimlengi mtu? Gracia naye amekulia ng'ambo. Huo ndio uongo ambao kila mtu kule huwaambia majirani.

Akarudi ndani. Ukuta wa vyumba vile ni mwembamba, na alfajiri iliyofuata, kwa mara ya kwanza, alisikiliza badala ya kusikia tu. Alimsikia Gracia akimgeuza mumewe. Alisikia pumzi yake ikikwama, kitanda kikilia, maji yakimwagwa kwenye beseni, na Muhire akimwambia mkewe pole, pole Mama, pole, kama mtoto aliyevunja sahani. Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Patricie ya kufungua mlango na kumwita mbwa. Kila siku, saa hiyo hiyo. Patricie aliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Basi mbwa akawa Bobi. Ni rahisi kusema. Mbwa mzee hana kichwa cha kuanza darasa upya. Patricie alimwita Bobi akiwa na sahani mkononi, mbwa akaangalia nyuma kuona huyo Bobi ni nani. Alijaribu kupiga makofi, alijaribu mluzi, na mwishoni akawa anamfuata tu na kumbeba. Katika ua ule hapakusikika jina tena, lakini Gracia hakusalimia. Na Patricie alihisi amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii bila watu.

Jumamosi mchana mbingu ilipasuka. Haikuwa ile mvua ya kusikilizia chai. Ilikuwa ya kuangusha migomba, na ngurumo zake zilitikisa masufuria. Patricie alikuwa akiokoa nguo barazani, mikono imejaa, radi ikapiga karibu, na mbwa akatimka. Alipita chini ya lango, akapotea upande wa nyuma, kule kwenye rigoli. Rigoli ni mfereji wa mawe unaoshusha maji ya mtaa mzima kuelekea ziwani. Kiangazi kuku hutembea ndani yake. Siku kama ile huondoka na mbuzi.

Patricie alitupa nguo, akajifunika kitenge kichwani, akatoka.

"Bobi! Bobi weee!"

Maji tu. Alikwenda nyuma ya choo, akainama kwenye karavati, pale rigoli inapopita chini ya njia, akachungulia gizani. "Bobi!" Alijua ni upuuzi. Alikuwa akimwita mbwa asiyekuwepo duniani. Jina lenyewe lilikuwa mdomoni, limemjaa, na dirishani kwa Mzee Munyemana pazia lilikuwa wazi, na mlango wa Gracia ulikuwa hatua chache tu. Akiita, mbwa atakwenda Bweyeye. Asipoita, mbwa atakwenda na maji. Na hata kama Mzee asingekuwepo, pale ndani palikuwa na mwanamke aliyeinama juu ya mumewe. Patricie alishindwa. Alisimama kwenye mvua akalia, mtu mzima, kwa ajili ya kijibwa.

Mlango ukafunguliwa. Gracia alitoka na beseni mkononi, akamtazama.

"Mama Gasaro. Bobi ni nani?"

"Ni mbwa."

"Ile mbwa haijui kama ni Bobi."

"Najua."

"Sasa uiite jina yake! Maji inapanda."

"Siwezi," alisema Patricie. "Siwezi kukuitia ile jina tena. Haikuwa juu yako, Gracia. Ni mama yangu aliitoa, kule Kadutu, juu ya muntu mwingine. Najua utasema ni bongo, ya kwamba nakudanganya. Hata miye ningesema ni bongo."

Gracia alijifuta maji usoni. "Kila asubui nilikuwa namugeuza Papa," alisema, akiashiria chumbani kwa mumewe, "na nikasikia sauti yako. Nikasema, huyu mwanamuke ananionaka kupitia ku ukuta? Sababu sikuambiaka muntu."

Aliliweka beseni chini. Akapita mbele ya Patricie, miguu mitupu, mpaka ukingoni mwa rigoli.

"Batachoka!"

Alikuwa na sauti ndogo, ya kanisani. Akajaza kifua. "Batachokaaa!" Akaita tena, na tena, na kila alipoita sauti ilipanda, mpaka Patricie akaogopa, kwa maana haikuwa tena sauti ya mtu anayemwita mbwa.

Kutoka chumbani, juu ya kelele za mvua, Muhire aliita akiuliza ni akina nani.

"Gracia! Banani?"

"Nini?"

"Nakuuliza banani! Banani batachoka?"

Gracia alimtazama Patricie kama vile Patricie ndiye angemjibia. Kisha akageukia mlango.

"Ni miye," alisema, na kwa kuwa mvua ilimeza neno, akalipiga kelele. "Ni miye, Papa! Miye! Nilishachoka!"

Watu wa kanisani waliambiwa tunashukuru, ndugu waliambiwa tunashukuru, na sasa mtaa mzima ulikuwa umesikia. Gracia aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hata miye, Mama," Muhire alisema. "Nilikuwa nangoja useme. Kuya ndani, utapata baridi."

Hapo mbwa alikuwa ameshatoka. Hakuna aliyemwona akitokea. Alipita katikati yao, matope mpaka masikioni, akaona mlango mmoja tu ulio wazi, akaingia kwa Gracia na kujikung'uta katikati ya chumba. Walimsikia Muhire akipiga ukelele kwa maji yaliyomrukia, halafu akicheka, halafu kitu ambacho si kicheko.

Mzee Munyemana aliyasikia yote kutoka dirishani. Akavuta pazia, kama mtu ambaye hakusikia jina lolote.

Patricie alimshika Gracia mkono. Ulikuwa mkono mwepesi, wenye ngozi iliyochunika kwa sabuni kama wake mwenyewe. "Enda kwangu ulale," alimwambia. "Kitanda kiko. Miye nitakaa na Papa."

"Anageuzwa—"

"Ataniambia vile anageuzwa."

Alidhani atabishiwa. Hakubishiwa. Gracia alivuka baraza bila kuangalia nyuma, akaingia, akajitupa kitandani kwa Patricie, na alipoletewa blanketi alikuwa amekwisha kulala, na kitenge chake kilicholowa, na miguu yenye matope nje ya godoro. Patricie hakumwamsha; alimfunika, akarudi kukaa na Muhire na mbwa.